Amekata Kona?

Kitabu cha saba kilinitia kinyaa kabla sijakifungua. Kilikuja ndani ya boksi lililozungushiwa selotepu, likashushwa kwenye kaunta ya duka langu la vifaa vya shule hapa Karatu mjini, na nilipolikata nikakutana na jalada. Mwanaume kifua wazi, bunduki begani, mwili umepakwa mafuta unang'aa kama andazi, na nyuma yake mlima wenye theluji kileleni. Theluji, Ngorongoro! Huku juu kuna ukungu, kuna matope, kuna baridi ya kugonganisha meno, lakini ule mlima wa theluji uko mkoa mwingine. Nikakilaza kitabu kifudifudi, nikaenda kunawa mikono. Sitanii. Nilinawa kwa sabuni.

Asiyevijua vile vitabu ataniona nimerukwa na akili, kwa hiyo niseme vilikuwa nini. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa Kansay, mpole, mwenye koti moja la kaki na kikohozi kisichoisha. Aliandika vitabu sita, vyembamba, karatasi nyepesi hata maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Vyote vilimhusu mtu mmoja ambaye hakumpa jina; alimwita Dereva, basi. Dereva aliendesha gari la watalii. Alishuka nao kreta ya Ngorongoro asubuhi, akapanda nao jioni, na katikati akawadanganya kidogo, akakwama topeni, akagombana na mkewe kwenye simu huku Mzungu anamgusa bega kuuliza kile kinyama kinaitwaje. Hakuwahi kushika bunduki. Jambo kubwa kuliko yote alilowahi kufanya lilikuwa kurudi kreta na gari bovu kutafuta meno ya bandia ya babu mmoja wa Kijerumani.

Na alikuwa na mama yake kijijini, ambaye alimwita ayo, kama sisi Wairaqw tunavyowaita mama zetu. Hapo ndipo penye utamu. Huku kwetu anayewatembeza watalii anaitwa gaidi. Neno tumelichukua kwa Wazungu wenyewe, guide, tukalilainisha likakaa vizuri mdomoni, na hatujali kwamba kwenye taarifa ya habari gaidi ni mtu wa mabomu. Katika kitabu cha kwanza ayo wa Dereva anasimama kanisani siku ya shukrani na kutangaza, "Namshukuru Mungu, mwanangu amehitimu chuo Arusha, sasa ni gaidi kamili!" Mchungaji mgeni kutoka Dar anaacha Biblia wazi mimbarani na kutokea mlango wa nyuma. Karatu ilicheka miezi na miezi. Mpaka leo ukiingia gereji mtu akakuuliza kijana wako siku hizi anafanya nini, unajibu "gaidi kamili," na mnagonga mikono.

Mama yangu alivipenda vitabu hivyo kuliko mimi. Macho yake yalianza kuondoka kidogo kidogo, presha ya macho, na mwishowe nikamtoa shambani nikamleta mjini akae na mimi. Tangu hapo nikawa namsomea. Jumapili tukitoka kanisani, tukishakunywa chai, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, sinia mapajani, anapukuchua mahindi kwa vidole gumba, nami nasoma. Punje zikianguka mfululizo najua anafurahi. Zikinyamaza najua pamemgusa. Tulimaliza vyote sita, tukaanza upya, tukamaliza tena.

Sitaki kujifanya sijui alikuwa anamsikiliza nani. Mdogo wangu wa kiume naye alikuwa gaidi. Watalii walipokatika wakati wa korona, kampuni yake ikaegesha magari, naye akasema anashuka Engaresero, kule Ziwa Natron, kuna kambi inatafuta watu. Siku ya kuondoka walipishana maneno na mama kuhusu shamba, maneno makali, sitayarudia. Akapiga simu mara chache, kunipigia mimi. Baadaye namba ikawa haipatikani. Watu wamemwona. Mmoja kasema yuko Namanga, mwingine kasema amevuka mpaka kabisa, ana mke na mtoto. Hajafa, hajafungwa. Hapigi simu tu, na mama hamtaji. Mgeni akimwuliza ana watoto wangapi anasema wawili, halafu anauliza kama chai imekolea sukari.

Badala ya kumwulizia mwanawe, alimwulizia Dereva. Maana katika kitabu cha tano Dereva naye aligombana na ayo wake, akaondoka kwa hasira, akaikosa hata Krismasi. Kitabu cha sita chote yuko mbali. Ukurasa wa mwisho ndipo anapoonekana anapanda na gari kutoka Mto wa Mbu, anapita Rhotia, anapita Karatu mjini bila kusimama, anafika njia panda ya vumbi ya kwenda kwao Kansay. Anawasha indiketa. Hapo hapo lori la vitunguu kutoka Mang'ola linatokea mbele yake, limejaza magunia ya lumbesa mpaka linayumba, na vumbi jekundu linafunika kila kitu. Ndani ya vumbi indiketa inaendelea kulia, tik, tik, tik. Mwisho.

Kisha mwalimu akafariki.

Siku ya kumzika, magaidi wa Karatu walitoka na magari yao ya kazi, yale ya kijani na ya rangi ya udongo, wakalisindikiza jeneza. Tulipofika njia panda, gari la mbele likawasha indiketa, la nyuma yake likawasha, na yote yaliyofuata yakawasha, yakakata kona moja baada ya jingine kuelekea Kansay. Hakuna aliyekuwa amepanga. Nilikuwa ndani ya mojawapo nikalia mpaka kilemba kikaloa.

Mama hakwenda, miguu ilikuwa imevimba. Niliporudi nilidhani ataniuliza nani kahubiri na watu walikula nini. Aliniuliza jambo moja tu: "Na Dereva? Amekata kona?"

Nikamwambia mwalimu ameondoka na jibu lake. Akapapasa ukingo wa kigoda. Kuanzia siku ile, kila alipohisi nimetulia, nikiwa nakunja nguo au nachambua mchele, alirudia swali lile lile kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama mvua imekatika. Amekata kona? Nilijifunza kujibu bado. Nililichukia hilo neno bado kama dawa chungu.

Ndiyo maana habari kwamba vitabu vitaendelezwa zilipofika kwenye kundi letu la WhatsApp la wasomaji, mimi sikuandika kitu. Mchapishaji wa Dar es Salaam alituma picha ya kijana mwenye miwani myeusi, na chini yake maneno: "Dereva amerudi, sasa kwa kalamu mpya." Kundi likawaka moto. Muuguzi mmoja, dada ambaye kwa kawaida hutuma mistari ya Biblia asubuhi na kuaga, aliandika, "Kalamu mpya ya nini? Ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani?" Rafiki yangu tuliyesoma naye, gaidi wa siku nyingi mwenye gari lake mwenyewe, akatuma sauti: "Aisee, huyu chalii ni wa wapi? Anajua kwamba barabara ya kushukia kreta siyo ya kupandia? Kama hajui, atagongana na wenzake kabla hatujafika sura ya pili." Mwingine akasema Dereva alikufa na mwalimu na mambo yaishe. Mwinjilisti wa usharika wetu ndiye pekee aliyeomba subira, akasema hata mchungaji mpya huwa tunamnung'unikia na baadaye tunamzoea. Alirushiwa vikaragosi vya hasira kutwa nzima. Wengi waliapa hawatanunua hata nakala moja.

Nami nilikuwa na shaka kama wao, tena kuliko wao, kwa sababu nilikuwa nimevisoma kwa sauti na ninajua pale mwalimu anapovuta pumzi. Lakini nilikuwa na mama ndani ya nyumba. Kimoyomoyo nilisema, huyu kijana na aandike vibaya anavyotaka, amchanganye mke wa Dereva na shemeji yake, amkwamishe topeni wakati wa kiangazi. Nitavumilia. Ilimradi akate ile kona.

Sasa nirudi kaunta. Baada ya kunawa mikono nilikifungua. Mstari wa kwanza ulisema helikopta zilikuwa zinazunguka juu ya kreta zikimsaka gaidi hatari kuliko wote Afrika Mashariki. Nikausoma tena. Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine, na polepole nikaelewa kilichotokea, na damu ikanichemka. Yule kijana wa kalamu mpya alikuwa amekutana na neno gaidi katika kazi ya mwalimu, gaidi wa Karatu, gaidi kamili, akaliamini lilivyo. Hakuuliza mtu. Hakujiuliza kwa nini gaidi huyo kila siku anabeba maboksi ya chakula cha watalii na kulalamikia pancha. Alidhani mwalimu ameficha siri kwa vitabu sita na yeye ndiye mwerevu wa kuifichua: kumbe siku zote Dereva alikuwa mtu wa mabomu, na watalii walikuwa kisingizio!

Dereva wetu wa meno ya bandia sasa analala ndani ya kreta, ambamo hakuna mtalii anayeruhusiwa kulala hata awe nani, amejificha nyuma ya kundi la twiga. Kreta haina twiga. Mtoto wa Karatu anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake, kwamba zile kuta ni za mwinuko mno kwa miguu ile. Alfajiri, pembeni ya kreta, pale ambapo sisi tunavaa makoti mawili, Dereva anavua shati kwa joto. Na ayo wake huko Kansay anampikia samaki wa nazi. Nazi, Kansay! Tena hamwiti ayo. Anamwita bi mkubwa.

Kurasa chache mbele, ayo anakufa. Anasikia redioni kwamba mwanawe ni gaidi, presha inapanda, anaanguka jikoni pembeni ya samaki wake. Aya moja, imekwisha. Dereva anapata habari akiwa mafichoni, anasema, "Bi mkubwa, nitalipa kisasi," na kupakia risasi. Hakuna njia panda. Hakuna lori la vitunguu. Neno indiketa halimo, nilikipitia kitabu kizima nikilitafuta kwa kidole.

Nilikifunga, nikaenda kunawa mikono tena. Si kwa sababu kitabu kilikuwa kibaya. Vitabu vibaya nauza kila siku. Ni kwa sababu mtu aliingia ndani ya nyumba yetu na viatu vyake, akala, akamwua mama mwenye nyumba, na hakuangalia hata sura yake.

Rafiki yangu gaidi aliingia dukani kutoa kopi ya leseni. Nikampa kitabu bila kusema neno. Alisoma akiwa amesimama. Kwenye twiga alicheka mpaka akashika kaunta. Kwenye ayo akaacha kucheka. "Huyu mtu amemwua mama wa watu bure kabisa," akasema, akakirudisha kwa ncha za vidole. Kopi yake akaisahau.

Uzinduzi ulifanyika wiki ile ile katika ukumbi wa hoteli moja ya hapa mjini, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama harusi. Mimi nilipewa meza ya kuuzia mlangoni. Nilisimama pale nikiuza uchafu ule na kutabasamu, na nilijichukia kidogo. Lakini waliokuwa wamekaa mstari wa mbele walinichefua zaidi: wale wale walioapa kwenye kundi, wamepiga pasi, simu juu, wanapiga picha na mwandishi. Alikuwa kijana mzuri, ananukia, hakuvua miwani myeusi ingawa tulikuwa ndani na nje kulikuwa na mawingu. Alituita mashabiki wangu. Alisema amemchukua Dereva kutoka kwenye vumbi na kumpandisha kiwango.

Ilipofika zamu ya maswali rafiki yangu akasimama, kofia mkononi.

"Mheshimiwa mwandishi, karibu sana Karatu," akasema. "Mimi ni gaidi."

Kijana akatabasamu bila kujua anatabasamia nini.

"Baba yangu mdogo ni gaidi, sasa amestaafu. Huyu niliyekaa naye ni gaidi. Yule binti aliyekuletea soda, dada yake ni gaidi, tena kampuni inamsifia sana, Wazungu wanamwomba kwa jina. Humu ndani magaidi tumejaa. Sasa naomba kuuliza, zile helikopta zinafika saa ngapi, ili tuhamishe magari?"

Nimeshuhudia vicheko vingi lakini kile kilitikisa vikombe. Mwinjilisti alifuta machozi kwa tai. Mwakilishi wa mchapishaji akainama, akamnong'oneza kijana sikioni kwa muda mrefu, na nikaona miwani ikivuliwa taratibu. Nyuma yake kulikuwa na macho ya kawaida ya mtu aliyeshtuka. Kwa dakika ile nilimwonea huruma, na kama angesema, "Samahani, sikujua," ningemsamehe hapo hapo na kumkaribisha nyumbani kwa chai. Akavaa miwani tena. Akasema lugha ni kitu kinachokua, na kwamba msomaji wa kimataifa hatatatizika.

Nikaacha meza yangu. Sikuomba kipaza sauti, sauti ninayo.

"Amekata kona?" nikamwuliza.

"Samahani, mama?"

"Dereva. Amekata kona, au hakukata?"

Akamtazama mwakilishi, akanitazama. "Kona gani?" akasema.

Ukumbi mzima ulijua kona gani. Walioketi pale walikuwa ndani ya yale magari siku ya mazishi. Nikamwuliza kama amekisoma kitabu cha sita, akajibu kwa heshima kabisa kwamba alitumiwa muhtasari wa mfululizo mzima, uliotosha. Muhtasari! Nilirudi mezani kwangu nikakaa.

Nilitegemea watu watatoka. Yule muuguzi wa kalamu ya zamani alikuwa wa kwanza kupanga foleni ya kusainiwa. "Ni kumbukumbu tu, dada, kwa ajili ya watoto," aliniambia akipita. Nyuma yake mwinjilisti, na nyuma yake wale waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kinyaa changu kikahama kutoka kwa yule kijana kikaiangukia ile foleni. Yeye alikuwa hajui. Hawa walijua kila kitu, na bado walitaka saini.

Nyumbani sikusema lolote. Nakala yangu niliificha chini ya godoro kama mtu anayeficha gongo. Lakini jirani yetu, mama mwenye mdomo usiojua kufunga, alipita Jumamosi kusalimia, akamtangazia mama kwamba kitabu kimetoka, tena mwanao ndiye anayekiuza.

Jumapili tuliporudi kanisani mama hakutaka chai. Alikaa kwenye kigoda na kitenge chake cha kanisani, sinia mapajani, mahindi yamepangwa pembeni, uso ameuelekeza kwangu.

"Leta," akasema.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari: mama, kimeharibika, tuache. Lakini nilimwona amekaa wima vile, vidole gumba vimetulia juu ya hindi la kwanza, sikuweza. Nikakitoa chini ya godoro, nikafungua, nikasoma mstari wa helikopta. Niliruka neno gaidi.

"Helikopta za nini?" mama akauliza.

"Za watalii," nikasema. "Siku hizi wanaruka."

"Mh." Punje zikaanza kuanguka.

Nikasoma kwa kurukaruka, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Twiga nikawafanya nyumbu. Samaki wa nazi nikamfanya ugali na mboga za maboga. Bi mkubwa nikamrudisha kuwa ayo. Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine, mpaka nikafika kwenye ile aya ya jikoni, na ulimi ukakataa.

"Mbona umenyamaza?" Alivuta kigoda mbele. "Amekata kona?"

Niliitazama ile aya. Niliitazama mpaka herufi zikachezacheza. Kisha nikasema, kwa sauti yangu ya kusomea, "Vumbi la lori lilipotulia, Dereva akakata kona."

Punje zikakoma.

Nikaendelea. Nilimpitisha Dereva kwenye barabara ambayo mimi na mdogo wangu tuliipita kila siku tukienda shule, nikampitisha kwenye korongo na mashine ya kusaga, nikawaweka akina mama wanaotoka kanisani wasimame pembeni kukwepa vumbi, nikaweka mbwa anayebweka halafu anatambua harufu na kuanza kutikisa mkia. Nilimkalisha ayo mlangoni. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe na niliyaona mazuri, niseme ukweli, nilijiona nimemshinda yule wa miwani kwa mbali. Nikamshusha Dereva kwenye gari. Nikampigisha magoti mbele ya mama yake.

"'Ayo,' akasema, 'nisamehe. Nilikosa. Hakuna siku iliyopita nisikuwaze.'"

Mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Nikasubiri. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kitu kingine.

"Ukurasa huo mrefu," akasema.

"Mama?"

"Tangu akate kona hujafunua ukurasa."

Kitabu kilikuwa wazi mikononi mwangu, pale pale kwenye aya ya jikoni.

"Kitabu chenyewe kinasemaje?"

"Kibaya, mama. Kibaya sana."

"Ayo wake wamemfanyaje?" Hakusubiri, akajijibu. "Wamemwua."

Alisonya, msonyo mrefu, wa shambani, ambao sikuwa nimeusikia tangu macho yake yalipoondoka. "Takataka," akasema. Nilidhani amemaliza, lakini alikuwa hajanifikia mimi. "Na wewe nawe. Huyo wa magoti umemtoa wapi? Mwanangu hapigi magoti. Hajui kuomba radhi yule, tangu mdogo. Akivunja chungu, akipoteza mbuzi, akininunia siku nzima, jioni anaingia na kuuliza kama kuna chakula. Ndiyo radhi yake hiyo. Basi nampakulia."

Mwanangu, alisema. Hakujisahihisha, na mimi sikumsahihisha. Nje pikipiki ilipita, mbwa wa jirani akabweka. Aliokota hindi jingine, akaligeuza mkononi bila kulipukuchua.

"Haya, mrudishe kwenye gari," akasema. "Ashuke tena. Na ufunue kurasa, mimi bila ile sauti sisikii vizuri."

Nikafuta uso. Nikafunua ukurasa kwa nguvu ili ausikie, ukurasa wa risasi na kisasi, nikaushika karibu na macho kana kwamba nausoma.

"'Ayo,' Dereva akasema, hata mlango wa gari hajaufunga, 'kuna chakula?'"

Punje zikaanza kuanguka kwenye sinia.